Hiari ya Bi Mwanaasha

Sehemu ya Tisa

Sauti ilikuwa ya mama yake!

Ndiyo, msomaji. Wiki nzima mmenitumia ujumbe mkiuliza ni sauti ya nani iliyotoka kwenye simu ya Abdulhakim, hata Khairat akashika ukingo wa meza asianguke. Wengine mmesema ni Mahir, mume, amemuuza mkewe. Wengine mmemtukana daktari wa watu bure. Hakuna aliyepatia. Ilikuwa sauti ya Bi Mwanaasha wa Chovai, mama mzazi wa mgonjwa, ambaye wakati huo alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi, buibui limemfunika mpaka vidoleni, anajisikiliza.

"La, mwanangu, hakuna mchu aliyetulazimisha," sauti ilisema kwa Kibajuni, mchu ndiye mtu. "Tumechagua wenyewe. Kwani kuna pengine kama hapa? Daktari mwema, nyumba njema. Twashukuru sana."

Abdulhakim akabonyeza, simu ikanyamaza.

"Nirudie?" akauliza, na upole wake wa mtu anayejua ameshashinda.

"Usirudie," akasema Bi Kaltuma, mwenyekiti wa kamati. "Tumesikia."

Wewe uliyeokota gazeti hili leo, kaa hapa nikuweke sawa upesi, maana saa haitungoji.

Rawda ni mdogo wake Khairat, na ni mke wa Mahir, mwendesha winchi bandarini Kismayo. Kila mwezi mshahara wa Mahir unakatwa bima ya afya ya kampuni iitwayo Ngao ya Pwani. Kampuni ina orodha yake ya hospitali. Ukitibiwa ndani ya orodha, wanalipa. Ukitibiwa nje, shauri yako na Mola wako. Ila kanuni mpya ya mwaka huu inasema: kama dharura ndiyo iliyokutupa nje ya orodha, bila hiari yako, kampuni italipa tu, ipende isipende.

Rawda alirudi Chovai kujifungua, kwa kuwa mimba ya kwanza kwetu huzaliwa kwa mama. Uchungu ukakwama. Siku ya pili wakamtia kwenye boti mpaka Kismayo, roho mkononi, wakaishia kwenye kliniki ya Daktari Fuadi, karibu na pale boti za visiwani zinaposhushia watu. Kliniki haimo kwenye orodha. Fuadi akampasua, akamtoa mtoto wa kike mzima, na mama akafumbua macho. Siku ya nane tumbo likavimba, homa ikapanda. Usaha. Lazima apasuliwe tena, na Fuadi hana vyombo vya kazi hiyo.

Vyombo viko hospitali kubwa, ile ya kwenye orodha, na huko ndiko Rawda alikolala tangu jana, kwenye ujia, si wodini. Mwenye mkono wa kazi ni daktari bingwa mgeni anayekuja mara moja kwa mwezi, na leo saa nane mchana anapanda ndege. Hospitali inataka barua ya kampuni, ama dola elfu nne taslimu. Jamaa wa Mombasa na wa Ulaya wamechanga mpaka wamezima simu, na nusu haijafika.

Barua moja tu. Ndiyo iliyomleta Khairat mbele ya Kamati ya Malalamiko ya Bima asubuhi hii. Bila barua, Rawda anakufa. Nimesema wazi, asije mtu akaniuliza zogo lote hili la nini.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Mwenyekiti," akasema Abdulhakim, akinyoosha tai yake. Yeye ni mkuu wa madai wa Ngao ya Pwani, kijana wa miaka thelathini na tano, viatu vinang'aa. "Kanuni inasema bila hiari ya mgonjwa wala jamaa yake. Jamaa yake huyo hapo. Kwa kinywa chake amesema wamechagua. Kampuni haidaiwi upasuaji wa kwanza, na huo wa pili umezaliwa na wa kwanza. Hatuna barua ya kutoa."

"Ndugu yangu anakufa, wewe unanihesabia vizazi!" Khairat akafoka.

"Tena naongeza. Mji huu una hospitali nne za orodha. Nani alimtuma na mimba ya miezi minane aende kisiwani?"

"Kumbe kwenda kwa mamake ni kosa? Wewe ulizaliwa wapi, dukani?"

"Khairat!" Bi Kaltuma akagonga meza. "Hapa si uwanjani."

Khairat akajizuia. Ni fundi cherehani, amezoea kushika pini kwa midomo, lakini maneno ni kitu kingine. Akamgeukia mama yake, akachutama mbele yake kama mtu anayemfunga mtoto viatu.

"Mama. Haya ulisema lini?"

"Siku ya tatu baada ya kupasuliwa," akajibu Bi Mwanaasha kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimekaa kitandani kwa Rawda. Simu ikalia, ni huyu Abdulhakim."

"Na nani alikuwapo?"

Bi Mwanaasha akalikunja pindo la buibui.

"Mama, nani alikuwapo?"

"Daktari. Kasimama hapa, kamshika Rawda mkono." Akanyanyua uso, machozi yameshajaa. "Ningesema nini, Khairat? Mchu amekesha na mwanangu. Kanzu yake ina damu ya mwanangu. Kasimama hapa, mimi niiambie simu tumekuja kwake kwa kukosa pa kwenda? Mbele ya uso wake?"

Msomaji wa kwetu, wewe umeshaelewa, na najua unatikisa kichwa. Wengine ngoja niwaambie. Kwetu humwambii mwenyeji wako kwamba umefika kwake kwa kukosa pengine. Ni kama kumtemea mate kwenye sahani. Mtu akikimbia mvua akaingia barazani kwako, amelowa chapachapa, atakwambia, "Nilikuwa naja kwako." Na wewe utamjibu, "Nilikuwa nakungoja." Wote wawili mnajua ni mvua. Basi unaletwa uji, maisha yanakwenda.

Bi Mwanaasha ameishi hivyo miaka sitini. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja adabu yake itaandikwa kwenye faili.

Bi Kaltuma alishusha miwani. Ni mwanasheria, mwanamke wa Kisomali wa hapa hapa mjini, na si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa kuwa mtamkasirikia huko mbele.

"Bi Mwanaasha, adabu naijua. Hata kwetu ipo," akasema. "Lakini kanuni haina safu ya adabu. Ina safu ya hiari. Kuna jingine la kusema, Khairat?"

Khairat alikuwa anaitazama ile simu. Kuna kitu kilikuwa kinamkereketa, kama mshono uliokwenda upande. Ghafla akasimama.

"Lipo! Ngao ya Pwani ina wapiga simu wangapi?"

"Sita," akasema Abdulhakim.

"Wanapiga kwa lugha gani?"

"Kisomali."

"Na mama yangu anazungumza Kisomali kama mtu wa sokoni. Sasa kwa nini hakupigiwa na hao sita? Kwa nini upige wewe, mkuu mzima, na upige kwa Kibajuni?"

Abdulhakim akafunga kifungo cha koti. Kisha akakifungua.

"Ni huduma kwa wateja."

"Mwenyekiti, simu hii tumeisikia katikati. Nataka mwanzo wake."

"Mwanzo ni salamu tu," Abdulhakim akasema haraka. "Tutapoteza muda wa kamati."

"Kama ni salamu, basi hazina madhara," akasema Bi Kaltuma. "Cheza."

"Mwenyekiti..."

"Nimesema cheza!"

Akacheza. Nami naiandika kama ilivyosikika, nisije nikaambiwa nimetia chumvi.

"Hodi, mama. Mimi Abdulhakim, wa Ngao ya Pwani."

"Karibu. Mwana wa nani wewe, usemao kama sisi?"

"Mwana wa Bimdogo, wa Kudhaa."

"Bimdogo! Aliyekimbilia Mombasa wakati wa vita, na mtoto mgongoni! Ee mwanangu! Basi wewe ni wetu."

"Ni wenu, mama. Daktari yupo hapo karibu nawe?"

"Yupo, kasimama hapa."

"Anasikia tukizungumza?"

"Asikia."

"Basi vizuri. Nambie, mama, mlikwenda kwake kwa hiari yenu, ama hamkuwa na pengine?"

Lo! Hata karani wa kamati, ambaye hana kazi ila kuandika, aliinua kichwa.

Umeona, msomaji? Kwanza ametaja mama yake. Kisha akahakikisha daktari yupo. Kisha akahakikisha anasikia. Ndipo akauliza. Msomali asingeliweza kutega mtego huo, wala Mzungu, wala mtu wa Nairobi. Ulitaka mtu aliyelelewa kwenye baraza zetu, anayejua kabisa mama wa Kibajuni atajibu nini mbele ya mwenyeji wake. Ngao ya Pwani ilimwajiri mmoja wetu, na sisi tulifurahi siku ile, tukasema angalau sasa tuna mtu ndani.

"Kwa nini umeuliza kama daktari anasikia?" Bi Kaltuma akauliza taratibu.

"Nilitaka kujua mgonjwa ana uangalizi."

"Mwongo!" Khairat akapiga kelele. "Mama yako Bimdogo angekusikia leo angeomba ardhi impasukie!"

"Mama yangu usimtaje!"

"Wewe ndiye uliyemtaja! Ulimtaja kwenye simu ukamtumia kama chambo!"

Abdulhakim akaigeuza simu kifudifudi mezani. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ulibadilika rangi, na sitamwonea huruma.

Bi Kaltuma akanong'onezana na wajumbe wake wawili. Dakika tano, dakika kumi. Khairat alihesabu kila moja. Ilipofika saa tano kasorobo, mwenyekiti akainua kichwa.

"Simu hii peke yake haitoshi kumnyima mgonjwa haki yake," akasema. Khairat akashusha pumzi. "Lakini kauli haifutwi na huruma, inafutwa na kauli. Bi Mwanaasha, ulisema mbele ya daktari kwamba umemchagua. Kama si kweli, utasema mbele yake yeye yule kwamba hukumchagua. Waziwazi, na itaandikwa."

"Mbele yake?" Bi Mwanaasha akashika kifua.

"Mbele yake. Yuko nje, ameitwa kuwa shahidi."

"Mwanangu Kaltuma, niandikie huko nje, yeye asisikie. Ama nimwambie Khairat, Khairat akwambie."

"Haiwezekani, mama."

Daktari Fuadi akaingia. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwana wa mji huu, koti lake la kazi hakuwa amelivua. Alipomwona Bi Mwanaasha akaweka mkono kifuani.

"Rawda vipi, mama?"

Bi Mwanaasha akainamisha uso. Hebu fikiria. Mtu aliyemrudishia mwanawe anamuuliza hali ya mwanawe, naye ameitwa amtukane.

"Daktari, nisamehe."

"Umenikosea nini?"

"Nisamehe kwanza."

"Nimekusamehe. Sema."

"Hatukukuchagua," akasema, macho sakafuni. "Tulikuwa twaenda hospitali kubwa. Tukampakia Rawda kwenye bajaji. Njiani akaacha kusema, macho yakageuka. Dereva akasema huyu hafiki. Kibao chako kilikuwa mbele yetu. Sikukujua. Sikukutaka. Nilipouona mlango wako ulivyochakaa, nilisema moyoni, mwanangu amekwisha."

Daktari Fuadi akatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole.

"Ule mlango nimeshautia rangi," akasema.



"Lakini uliniambia hakuna pengine kama kwangu," akaendelea, kama anayezungumza peke yake. "Wote mnaniambia. Miaka kumi na miwili sasa. Wanawake wa Chovai, wa Kudhaa. Kila anayeingia ananiambia, daktari, tumekuja kwako kwa kukupenda. Nami nikamwambia mke wangu, siondoki hapa kwenda Nairobi, hawa watu wamenichagua."

Aliamini, msomaji! Mtu wa mjini, msomi, hakuwahi kuambiwa kwamba yale ni maneno ya barazani. Alijenga maisha yake juu ya maneno hayo.

"Imetosha," akasema Bi Kaltuma. "Kamati imeridhika. Upasuaji wa kwanza ulikuwa dharura bila hiari. Ngao ya Pwani italipa."

Khairat akaruka! Akamkumbatia mama yake, akamkumbatia karani asiyemjua. "Barua! Nipeni barua nikimbie!"

"Kampuni inatii," akasema Abdulhakim.

Angalia jinsi alivyosema. Hakupinga, wala hakukasirika. Mtu akishindwa namna hiyo, shika mfuko wako.

"Upasuaji wa kwanza tutaulipa kesho asubuhi, kwa viwango vya orodha," akasema. "Huo wa pili ni jambo jingine. Kifungu cha tisa: madhara yanayotokana na kosa la daktari asiye wa orodha yachunguzwe kwa siku tisini kabla ya malipo. Usaha ni madhara. Na mama mwenyewe ametuambia sasa hivi alivyomwona daktari huyu. Imeandikwa."

"Siku tisini!" Khairat akasema. "Rawda hana hata siku moja!"

"Sikukosea," akasema Daktari Fuadi. "Mtoto alikwama siku mbili. Uchafu ulikuwa umeshaingia kabla sijashika kisu. Niliuona kwa macho yangu."

"Huenda," Abdulhakim akajibu. "Ndicho kitakachochunguzwa."

Bi Mwanaasha alisikia lile neno, siku mbili. Ni yeye aliyesema tungoje, kwa sababu yeye mwenyewe alimzaa Khairat siku ya tatu ya uchungu. Akajifunika uso na buibui.

Mtu hushinda kesi akatoka mikono mitupu? Ndiyo, hushinda. Walikuja kutafuta barua ya kumwokoa Rawda, wakapewa malipo ya kitanda alichokwisha kukiacha.

Bi Kaltuma alikuwa anafunua kanuni, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kinateremka. Kikasimama.

"Kuna njia," akasema. Lakini hakuonekana kufurahi.

"Njia gani?"

"Kifungu hicho hicho, mwishoni. Daktari akikiri kosa kwa maandishi, hakuna uchunguzi. Kampuni inatoa barua papo hapo, inalipa, kisha inamdai yeye." Akavua miwani. "Na leseni yake inasimamishwa mwaka mmoja. Kliniki inafungwa leo."

Watu wote wakamtazama Fuadi.

Kliniki ile, kama hujui, ndiyo pekee karibu na boti inayompokea mtu wa visiwani kabla ya kumuuliza kadi. Ikifungwa, mwanamke mwingine atakayeshuka roho mkononi atakwenda wapi? Mimi sijui. Anayejua aandike kwa mhariri.

Simu ya Khairat ikalia. Ni Mahir, yuko hospitali na mkewe, na hata salamu hakutoa.

"Mmepata?"

"Bado kidogo."

"Bingwa anasema barua ikifika kabla ya saa saba, anamwingiza, hata ndege ikimwacha. Ikipita saa saba, gari lake liko mlangoni. Khairat, hanijui tena. Ananiita kwa jina la baba yake."

"Inakuja, shemeji. Inakuja."

Saa sita kamili. Karani alikuwa ameshaipiga chapa karatasi. Mistari mitatu tu. Akaiweka mbele ya Daktari Fuadi, akaweka na kalamu.

Fuadi akaisoma. Akaisoma tena.

"Nikitia saini nasema uongo," akasema.

Akainua macho kwa Bi Kaltuma.

"Na mlango wangu unafungwa."

"Daktari," akasema Khairat, akapiga magoti pale pale, kwenye vigae, mbele ya watu. "Nitakushonea nguo za nyumba yako mpaka nife. Nitafagia kliniki yako ikifunguliwa. Mdogo wangu ana miaka ishirini na mbili. Mtoto wake wa siku kumi ananyonyeshwa na jirani. Daktari, nakuomba kwa Mungu."

"Inuka, binti."

"Sitainuka."

Fuadi akaichukua kalamu. Wallahi aliichukua! Akaifungua. Ncha ikafika karibu na mstari, nusu kidole. Kisha mkono ukasimama.

"Nataka kuuliza jambo moja," akasema. "Kisha nitatia."

Abdulhakim akakohoa. "Mwenyekiti, nakumbusha kikao hakijafungwa. Kila linalosemwa humu linaandikwa. Mama akisema tena kwamba amemchagua daktari huyu, kwa namna yoyote, kampuni itataka hukumu yote irudiwe."

"Daktari, usimuulize," Bi Kaltuma akasema haraka. "Tia saini tu. Nakusihi."

"Namuuliza." Akamgeukia Bi Mwanaasha. "Nafunga nyumba niliyoikalia miaka kumi na miwili. Nina haki ya kujua naifunga kwa ajili ya nini. Mama, siku ile hukunijua. Sasa unanijua. Yale yote uliyoniambia kitandani yalikuwa adabu tu? Ungekuwa na hiari leo, hospitali zote wazi mbele yako, ungemleta mwanao kwangu?"

Bi Mwanaasha akafunua uso.

Jibu lilikuwa ndiyo. Mimi nakwambia, msomaji, kwa kuwa yeye hakuweza kusema. Siku nane mtu huyu alikaa sakafuni kwa Rawda. Uji wa mgonjwa ulitoka nyumbani kwake, kwa mkono wa mkewe. Usiku wa homa ya kwanza alilia, daktari mzima, akadhani hakuna anayemwona, na Bi Mwanaasha alimwona. Angemchagua mbele ya mabingwa wote wa dunia. Safari hii haikuwa adabu. Ilikuwa kweli tupu, imemjaa mdomoni.

Akamtazama karani, kalamu tayari. Akamtazama Abdulhakim, mwana wa Bimdogo, ameinama mbele kidogo kama mtu anayengoja chai yake. Akamtazama Khairat, bado amepiga magoti.

Khairat akatikisa kichwa cha kukataa. Kidogo tu. Mungu amsamehe.

"La," akasema Bi Mwanaasha. "Singemleta."

Miaka sitini, na hilo ndilo neno la kwanza la kumvunjia mtu uso alilolisema kwa kutaka. Nalo lilikuwa uongo.

Daktari Fuadi akamtazama muda mrefu. Khairat aliomba kimoyomoyo aone, aelewe, ayasome yale macho. Mtu yeyote wa Chovai angeyasoma. Lakini yeye si wa Chovai. Ni mtu aliyeamini kila alichoambiwa, miaka kumi na miwili, na hiki nacho akakiamini.

"Ahsante, mama," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kweli."

Akafunika kalamu. Akaiweka juu ya karatasi, taratibu, isibingirike. Akatoka.

"Daktari!" Bi Mwanaasha akainuka, mkono mbele, mdomo wazi, na karani akainamia daftari lake aandike atakachosema. Mdomo ukajifunga tena.

Mahali pa saini palikuwa peupe. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini, na chini barabarani pikipiki ya Daktari Fuadi ilikuwa imeshawaka.